Kibao cheusi, dari lina panya: kurekebisha hesabu ya panya wa Dar bila kutega

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Manzese. Umeinama nyuma ya pipa la maji, umeshika kibao ulichokipaka masizi jana jioni. Cheusi tii. Hata mende hakupita. Mama mwenye nyumba amejifunga kanga yake, kaegemea mlango, anakutazama kama mtu aliyedai hela akapewa hadithi. "Nilikwambia panya wapo. Usiku kucha walikuwa wanacheza rede huko juu."

Jibu amekupa mwenyewe: huko juu. Wewe umeweka kibao chini.

Haya ni maelezo kwa wanaohesabu panya na wadogo wenzao mjini bila kuwakamata: wanafunzi, maafisa afya wa kata, vijana wanaoajiriwa kwa siku kumi kusaidia utafiti. Mitego tuliiacha kwa sababu za kawaida kabisa. Mtego mzuri wa boksi ni wa aluminiamu, na aluminiamu mtaani ina bei yake kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Panya akikamatwa lazima ashikwe, na mkojo wake unaweza kubeba vijidudu vya homa ya mgunda, ile iliyoua watu watatu Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Tena kila unayemtoa anabadilisha idadi ile ile unayotaka kuijua. Kwa hiyo tunasoma alama: nyayo kwenye masizi, meno kwenye kadi ya plastiki yenye chambo, iliyopigiliwa msumari, picha za kamera, mashimo, kinyesi. Taabu ni kwamba alama zinadanganya, kila moja kwa namna yake.

Kibao hakina kitu, na kila mtu anasema panya wapo

Kibao changu ni kipande cha kapeti la plastiki, sentimita 20 kwa 20, kilichopakwa masizi yaliyochanganywa na spiriti. Spiriti inaruka, masizi yanabaki kama unga, mnyama akikanyaga anauondoa. Njia hii ilipimwa kwa makini kwenye vitongoji duni vya Salvador, Brazil, na ikaonekana inafuata vizuri wingi wa panya. Lakini kule walikuwa wanamfuata panya wa mitaroni, mnene, mchimbaji, anayetembea chini. Panya anayetawala nyumba zetu ni yule mwembamba wa darini, mkia mrefu kuliko mwili, na sakafuni anashuka akiwa na shida tu. Katika nyumba nyingi za uswahilini ukuta kati ya chumba na chumba haufiki bati. Juu ya ukuta ule ndiyo barabara yake ya lami. Panda na ngazi, utaona weusi wa mafuta pale anapojisugua kila siku. Kibao kikae hapo, au kwenye mbao ya kenchi, kimefungwa kwa waya kisimwangukie mtu aliyelala.

Kama kibao kilikuwa mahali sahihi na bado ni kisafi, jaribu kidole. Bonyeza kona kwa kidole kidogo, taratibu. Usipoiona mistari ya ngozi yako, masizi ni mazito au yameshika unyevu, na kipanya cha nyumbani chenye gramu 15 hataacha chochote. Unyevu wa Dar hauna huruma. Vibao vilivyopakwa asubuhi vikalala kwenye mfuko wa plastiki mpaka jioni vinageuka uji. Paka jioni, dakika chache kabla ya kuweka.

Sababu ya tatu ni woga. Panya mkubwa akiona kitu kipya njiani anazunguka, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Weka vibao vitupu, visivyopakwa, usiku mbili kabla. Wanafunzi hawapendi kusikia hili kwa sababu bajeti ni ya usiku tatu. Basi usiku mmoja wa kweli ni bora kuliko mitatu ya kupimana ubishi na panya.

Kibao kimejaa, hakisomeki

Hapa inabidi ukae chini na kioo cha kukuzia. Panya, mkubwa kwa mdogo, mguu wa mbele unaacha vidole vinne, wa nyuma vitano. Ukiona vitano mbele na vitano nyuma, vidogo, vimebanana, huyo si panya, ni kirukanjia. Yule mwenye pua ndefu na harufu ya kukimbiza wageni, ambaye wazee wanasema akivuka njia anakufa. Kwenye vibao vyangu amevuka njia mara nyingi tu na kesho yake akarudi. Watu wengi wanamhesabu kama panya mchanga, na mtaa wenye kirukanjia wengi unaonekana kuwa na "panya wanaozaana sana". Mwandikie safu yake.

Ukubwa nao unasaidia. Mguu wa nyuma wa kipanya cha nyumbani haufiki sentimita 2. Wa panya wa darini ni kama 3 na nusu. Unaozidi 6 ni panya buku, jamaa wa wale wanaofundishwa kunusa mabomu kule Morogoro, na ukimpata kwenye bustani ya Mbezi usishangae. Lakini usijaribu kutenganisha panya shamba na mtoto wa panya wa darini kwa unyayo peke yake. Mimi nilijaribu, nikajiamini, nikaja kuona kamera inanisuta. Sasa naandika "panya wa kati" na naendelea na maisha.

Mjusi anaacha vidole vilivyotanuka kama feni na mkia unaoburuta. Mende anaacha vidoti vya sindano. Kuku hahitaji maelezo. Mtoto wa miaka mitatu anaacha kiganja kizima, halafu utakiona tena kwenye ukuta mweupe wa sebule, na hapo utaelezana na mama yake.

Vibao vyote vina nyayo

Hii ndiyo dalili inayofurahisha watu, na ndiyo mbaya kuliko zote. Vibao 20 nyuma ya vibanda vya genge, 20 vina nyayo. Mtu anaandika "asilimia mia" na kupiga picha. Lakini asilimia mia haikwambii kitu. Panya 30 wanaweza kujaza vibao 20, na panya 300 pia. Kipimo kimegonga dari.

Ukitaka kuona ubaya wake, angalia vibao visafi badala ya vichafu. Kama nyayo zinaangukia vibao ovyo, wingi wa mapito unafuata logi asilia ya sehemu iliyobaki safi, ukiondoa alama ya kutoa. Visafi 10 kati ya 20: 0.69. Visafi 2: 2.30. Kisafi 1: 3.00. Yaani karibu na juu, kibao kimoja tu kilichokanyagwa au kisichokanyagwa kinarusha jibu kwa karibu theluthi. Kikikosekana hata kimoja kisafi, hesabu inakataa kabisa.

Dawa yake ni kumpunguzia panya nafasi. Ondoa chambo kama uliweka. Acha vibao saa tatu badala ya usiku mzima, ukianza saa tatu usiku gengeni wanapofunga. Au usiandike ndiyo na hapana. Chukua karatasi ya plastiki iliyochorwa miraba 25, iweke juu ya picha ya kibao, hesabu miraba iliyoguswa. Kibao chenye miraba 4 na chenye 24 vyote ni "ndiyo", lakini si ndugu.

Usiku wa kwanza wengi, wa pili wengi, wa tatu kimya

Kabla ya kulaumu masizi, uliza kama kuna aliyepita na spika. Mnamjua: mkokoteni au baiskeli, sauti iliyorekodiwa inayojirudia mpaka mtaa mzima unaikariri, dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto. Tandale niliwahi kupoteza kazi ya wiki namna hiyo. Nilikuwa nimefanya jambo la heshima, nimekwenda kwa mjumbe, mjumbe akawatangazia watu kwamba kuna wataalamu wanahesabu panya. Watu wakaona aibu. Nani anataka nyumba yake iandikwe kwenye daftari kuwa ina panya? Jioni ya pili muuza sumu alifanya biashara ambayo nadhani hajaisahau.

Sasa nauliza kila nyumba swali moja la ziada, siku ya kuondoka: tangu tumeanza, mmeweka sumu, gundi au mtego? Naliuliza mwisho, kwa sababu nikiliuliza mwanzo nawakumbusha. Nyumba zilizojibu ndiyo zinawekwa pembeni kwenye hesabu, hazifutwi.

Na neno moja kuhusu tangazo lenyewe. Usipite na kipaza sauti ukisema tunakuja kuhesabu panya. Kwa mambo yaliyotokea Dar, neno hilo likifuatana na "vijana" na "usiku" watu wanawaza Panya Road, lile genge la vijana wa mapanga. Nimeulizwa kama nimetoka kituo cha polisi. Sema panya wa dukani, wanaokula unga.

Kadi imepotea, au chambo kimeisha bila alama ya meno

Chambo kimeisha na kadi haina jino: sisimizi. Siagi ya karanga iliyowekwa saa kumi na moja jioni inaweza kuwa imehamishwa yote ifikapo saa mbili, na panya anakuta plastiki isiyo na habari. Weka chambo ndani ya mianya ya kadi, si juu juu, na paka grisi kwenye msumari. Nazi iliyochomwa, ile ile ambayo bibi zetu waliweka kwenye mitego, inavuta panya vizuri na sisimizi wanachelewa kidogo kuigundua. Kadi ikipotea nzima, ni watoto au upepo. Misumari miwili.

Kamera ina picha 900 na panya watatu

Kamera mitego zimebeba jina la mtego lakini hazikamati kitu, na kwa wanyama wadogo mara nyingi hata picha hazikamati. Kihisi chake kinasubiri tofauti ya joto inayotembea. Usiku wa Februari chini ya bati, chumba kina nyuzi 28 au zaidi, na manyoya ya panya hayako mbali na hapo. Kihisi kinaona chumba kinachofanana na chumba. Anapita, anarudi, kamera imelala. Halafu saa nne asubuhi jua linapiga kanga iliyoanikwa uani, kanga inapepea, kamera inapiga picha 700.

Kwa hiyo usiku igeuze kamera iwe saa: picha moja kila dakika, kihisi kisihusike. Isogeze karibu, mita moja, ikitazama chini. Nyingi zimetengenezwa kwa wanyama walio umbali wa mita tatu na kuendelea, kwa hiyo utapata ukungu. Mwanga wake nao utamgeuza panya kuwa taa nyeupe. Kipande cha plasta ya kidonda juu ya nusu ya taa hupunguza ukali.

Tatizo la upande wa pili ni panya mmoja aliyepigwa picha 60 kwa sababu amegundua punje za mchele mbele ya kamera. Picha si vichwa. Wengi huunganisha picha zote za nusu saa kuwa tukio moja, na hiyo ni desturi tu, haijateremshwa. Ipo njia ya Marcus Rowcliffe na wenzake ya mwaka 2008 inayogeuza kasi ya picha kuwa idadi kwa eneo, bila kumtambua mnyama mmoja mmoja, ukijua mnyama anatembea kasi gani na kamera inaona umbali na pembe kiasi gani. Nzuri sana, ila inataka kamera ziwekwe bila kufuata njia za wanyama. Sisi tunaziweka ukutani kwa makusudi, pale pale panya anapopita. Ukiitumia hivyo, jibu litakuwa kubwa na litakuwa na sura ya kisayansi.

Kinyesi kingi, nyayo hakuna

Chukua kijiti, geuza. Kama ncha moja ni nyeupe, ni ya mjusi. Tumewahi kuhesabu darini kwa saa nzima kabla mmoja wetu hajauliza mbona vyote vimevaa kofia. Cha panya wa darini ni kama milimita 12, kimechongoka na kupinda kidogo. Cha kipanya kinazidi kidogo punje ya uwele. Na kama ni cha panya kweli, kinaweza kuwa cha mwaka jana. Fagia kwanza, ukilowesha kwa maji yenye dawa ya klorini ili vumbi lisipande puani, halafu rudi baada ya siku tatu uhesabu kipya tu.

Mashimo uliyoziba yote yamefunguliwa

Njia ni rahisi: ziba kila shimo kwa udongo au gazeti jioni, hesabu yaliyofunguliwa asubuhi. Kando ya Msimbazi kuelekea mikoko, mashimo yote yatafunguliwa, na panya hahusiki. Ni kaa. Shimo la kaa lina vidonge vya tope mdomoni na halina njia; la panya lina kijia kilichopondwa nyasi, na ukilifuata linaingia kwenye jingine. Hapo ndipo methali inapotusumbua. Waliosema panya wengi hawachimbi shimo hawakuwahi kukaa ukingoni mwa mtaro wa Vingunguti. Wanachimba, tena familia moja inaweza kuwa na milango minne, mmoja wa kuingilia na mitatu ya kukimbilia. Shimo moja si panya mmoja wala si familia moja. Linganisha mashimo ya mtaro huu mwezi huu na mtaro ule ule mwezi ujao, basi.

Mvua imenyesha, hesabu imeruka mara tatu

Masika yakishuka Jangwani, ndani ya wiki nyumba za juu kidogo zinaanza kulia panya. Kwenye ripoti mtu anaandika "wamezaliana". Hesabu miezi: mimba ya panya ni siku 21 hadi 23, na mtoto anakaa kiotani kama wiki tatu nyingine kabla hajaanza kukanyaga kibao chako. Kilichoruka ndani ya wiki moja kimehama, hakijazaliwa. Maji yamejaza mashimo na wenyewe wamepanda. Weka vibao pande zote mbili, bondeni na juu; ukiona bondeni vimekuwa visafi wakati juu vimechafuka, umepata uhamisho. Kuzaliana kutakuja, ila kutakuja baadaye, na pembezoni kama Chanika au Pugu, ambako panya shamba anafuata mvua na chakula chake, utaona kuzaliana huko miezi kadhaa nyuma ya mvua.

Vaa buti na glavu. Maji yale ndiyo yenye mgunda.

Wanataka namba

Bosi, mwandishi wa habari, diwani, wote watauliza: wangapi? Uingereza mwaka 1909 bwana mmoja, W. R. Boelter, alikisia panya mmoja kwa kila ekari. Ekari zilizolimwa zilikuwa milioni 40, watu nao walikuwa kama milioni 40, na dunia ikabaki na msemo kwamba kila mtu mjini ana panya wake. Ukiuleta hapa, sensa ya 2022 inakupa panya 5,383,728 wa Dar es Salaam, mpaka wale wanane wa mwisho. New York, ambako msemo huo ulisimuliwa kwa miaka mingi, mwanatakwimu Jonathan Auerbach alipiga hesabu mwaka 2014 akapata kama milioni 2, katika jiji la watu zaidi ya milioni 8.

Kinachowezekana bila mtego ni kuhesabu nyumba zenye panya, si panya. Chukua mfano wa nyumba 40, usiku tatu kila moja. Tuseme nyumba 24 zimepata nyayo angalau usiku mmoja, na kwa jumla ndani ya nyumba hizo usiku wenye nyayo ni 41 kati ya 72. Haraka haraka unagawa: asilimia 57, ndiyo nafasi ya kibao kumwona panya aliyepo. Hapo umejipendelea, maana nyumba zenye panya zilizokukwepa usiku zote tatu umeziacha nje. Ukisahihisha hilo inashuka mpaka karibu 50. Basi nafasi ya kukwepa mara tatu ni nusu ya nusu ya nusu, yaani 0.125, na 24 ukigawa kwa 0.875 unapata 27 na ushee. Nyumba kama 27 kati ya 40, si 24. Inashika pale tu nafasi ya kuonekana inapokaribiana nyumba kwa nyumba, na hiyo inarudi kule kule: kibao kilikaa chini au juu ya ukuta?

Kila nikimpelekea mwenyekiti wa mtaa hesabu ya namna hii, anaikubali, anavua miwani, anauliza swali lile lile: "Sasa hizi tatu za ziada ni za nani?" Namwambia zimo kati ya zile 16 zilizotoka safi. Anaita mjumbe, wananiandikia majina ya wenye nyumba 16, na jioni tunaanza kupaka tena.